Waya wa Mapokezi

Mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja, wakagombania kipande kimoja cha sabuni asubuhi ileile, alisukuma mlango wa ofisi na mkoba wa vifaa begani, akamtazama usoni bila kupepesa macho, akasema, "Habari za asubuhi, dada."

"Nzuri, fundi. Karibu," Kinanda akajibu, akauma mdomo asicheke.

Walikuwa wamekubaliana hivyo. Bosi wa ile ofisi ya bima hakutaka kusikia habari za ndugu kupeana kazi. Aliwahi kumtimua dereva kwa kosa la kumleta shemeji yake aoshe gari. Kwa hiyo Kinanda aliposikia kwamba anatafutwa fundi wa kufunga mtandao usiotumia waya, alisema tu kwamba yupo mmoja anayemfahamu, mtu wa uhakika, asiye na bei za ajabu. Hakusema kwamba fundi huyo hajagusa kazi ya maana tangu mvua zilizopita, wala kwamba mama yake fundi ndiye anayewaamsha wote nyumbani kwa kukohoa makusudi. Akamwombea mumewe kazi kama mtu anayemwombea mpita njia.

Jina la Kinanda alipewa na wenzake kwa jinsi vidole vyake vilivyotembea kwenye kompyuta. Alikaa mapokezi, mlangoni kabisa, na kila mwenye gari, pikipiki au lori aliyetaka bima alianzia kwake. Mteja akiwa bado anataja namba ya gari, karatasi imeshaanza kutoka kwenye mashine. Nyumba yao ilikwenda kwa vidole hivyo: kodi, ada za watoto, dawa za mama mkwe, mpaka vocha ya simu ya fundi.

Bosi naye walimwita Samahani, nyuma ya mgongo wake bila shaka. Hakuwahi kumtukana mtu. Kila alipotaka kukufanyia ubaya alianza kwa kukuomba radhi, sauti chini, mikono ameikunja tumboni, hata ukitoka pale unajiuliza kama si wewe uliyemkosea. Siku hiyo alisimama katikati ya chumba, na pembeni yake alikuwa amesimama binti mmoja, mpwa wake, aliyemaliza chuo juzijuzi. Kifuani binti alikumbatia kompyuta ya mkononi nyembamba kama sahani. Haikuwa hata na pahali pa kuchomeka waya, na ndiyo maana ilinunuliwa ruta, kifaa cha kurusha mtandao hewani.

Fundi alifungua boksi, akatoa ruta na antena zake, akaenda nyuma ya meza ya mhasibu. Hapo ndipo kilipopigiliwa kisanduku cha kugawia mtandao. Kilikuwa na matundu manane, na yote yalikuwa yamejaa. Waya mmoja ulileta mtandao kutoka nje, mwingine ulikwenda kwa bosi, mwingine kwa mhasibu, nyingine kwenye mashine ya kuchapia na meza za maofisa, na mmoja, mrefu kuliko zote, ulizunguka kuta mpaka mapokezi.

"Bosi," fundi akasema, "hapa hakuna tundu la ruta."

"Samahani, hakuna kabisa?"

"Yamejaa. Labda tununue kisanduku kikubwa zaidi, au tuchomoe mmoja."

Kila mtu alitupia jicho waya wake, na mhasibu akasogeza kiti nyuma mpaka mgongo wake ukaziba nusu ya kisanduku. Kinanda hakusogea. Alikuwa anaandika bima ya mwenye lori aliyesimama mbele yake, na ilikuwa imebaki kubonyeza tu.

"Samahani sana," bosi akasema, "chomoa ule wa mapokezi. Ni kwa muda."

Kinanda akainua uso, akamtazama mumewe. Alitegemea neno kutoka kwake, si la mume, la fundi tu: kwamba mapokezi ndiko kazi inakoanzia, kwamba kisanduku kikubwa kinapatikana duka la pili kutoka hapo. Fundi alikohoa kidogo. Akabana kile kiplastiki cha waya kwa vidole viwili, akavuta, na kwenye kompyuta ya Kinanda kikatokea kialama chekundu. Bima ya mwenye lori ikagandia hapo hapo.

"Pole, dada," fundi akasema, macho yakiwa kwenye ruta. "Itarekebishwa."

Mwenye lori akauliza kulikoni. Mpwa, ambaye kompyuta yake ilikuwa imeshapata mtandao, akavuta kiti akakaa upande wa pili wa mlango na kumwita kwa kidole. "Njoo huku, mzee. Huku ndiko kunafanya kazi."

Mzee wa watu akaenda. Binti akamuuliza tena jina, tena namba, tena aina ya gari, yote ambayo Kinanda alikuwa ameshayaandika. Kisha akakwama, akageuka. "Anti, hii bima ya mizigo inaingizwa wapi?"

Kinanda akamwonyesha. Mpaka jioni alikuwa amemwonyesha mara zisizo na idadi, amesimama nyuma ya kiti cha mtoto wa watu kama yaya, huku kiti chake mwenyewe kikiwa kitupu.

Mchana mhasibu alimfuata chooni kunawa mikono, akafungua bomba kwa nguvu ili maji yapige kelele.

"Dada Kinanda, usije ukaandika barua ya kuacha kazi. Unanisikia? Hicho ndicho anachokisubiri. Akikufukuza yeye, itabidi akulipe miaka yako yote uliyokaa hapa. Ukiondoka mwenyewe, umekwenda na mkoba wako tu."

"Nani kasema naondoka? Ni waya tu."

Mhasibu akamtazama kwenye kioo kwa huruma, ile huruma ya mtu ambaye waya wake uko salama. Akafunga bomba, akatoka bila kusema zaidi. Kinanda alibaki pale akisikia karaha, ingawa hakujua bado karaha hiyo aielekeze kwa nani.

Nyumbani jioni, fundi alikuwa amefika kabla yake, ameoga, amevaa shati la kutokea. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi lake, miguu juu ya kigoda, na watoto walikuwa sakafuni na madaftari yao. Hewa ya nyumba ilikuwa ya sikukuu.

"Mama, kaa chini," fundi akamwambia mkewe. Ndivyo alivyomwita nyumbani. "Nina habari."

"Kwanza nieleze ya leo. Ilikuwaje ukanichomoa mimi?"

"Sasa ningesema nini? Si wewe uliyetaka tusijuane? Fundi wa kupita atamgombezaje bosi kwa sababu ya dada wa mapokezi?"

"Ungesema kama fundi."

"Nimesema. Nimemwambia anunue kisanduku kikubwa. Atanunua. Hakukuwa na tundu, mama, wewe mwenyewe uliona." Akashika mkono wake. "Sasa sikiliza. Samahani amenipa mkataba. Kila mwezi nitakuwa naangalia mitambo yao, hata kama haijaharibika nalipwa. Kila mwezi!"

Mama mkwe akapiga makofi. "Mwanangu ameajiriwa! Nilisema mimi. Nilisema huyu mtoto ipo siku." Akamgeukia Kinanda. "Na wewe sasa angalau utapumzika. Mwanamke kurudi na giza kila siku, watoto wanakula kwa majirani."

"Hawajawahi kula kwa majirani, mama."

"Nasema tu."

"Mama hakukosea sana," fundi akadakia, sauti ameishusha. "Siyo leo, siyo kesho. Ila ni jambo la kufikiria. Mtu hawezi kuchoka maisha yake yote."

Kinanda alimtazama. Kwa miaka yote waliyokaa pamoja, huyu bwana hakuwahi kugundua kwamba mkewe anachoka. Alimwona akifua na homa, akamwona akitoka kazini na kwenda moja kwa moja jikoni, na neno la pole alilojua ni kuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Leo huruma imemtoka wapi? Lakini alikuwa amechoka kweli, na watoto walikuwa wanamtazama, akaamua kumpongeza mumewe na kwenda kubadili nguo.

Kisanduku kikubwa hakikununuliwa kesho yake, wala kesho kutwa. Waya wa Kinanda ulining'inia nyuma ya meza ya mhasibu, umefungwa fundo ili usimkwaze mtu. Neno la siri la mtandao mpya walipewa wote wenye simu, hata mlinzi wa getini aliyekuwa anaangalia mpira. Kinanda alipoliomba, Samahani alikunja mikono tumboni.

"Samahani, mama. Mtandao utazidiwa. Tunawapa kwanza wanaohusika."

Kompyuta yake ya mezani, hata angelipewa neno hilo, isingeweza kunasa kitu hewani. Ilikuwa ya zamani mno. Alijua hivyo. Aliloliomba ni heshima tu, na hiyo nayo hakupewa. Wateja wake wa siku nyingi waliingia, wakamsalimia kwa aibu, wakapita kwenda kupanga foleni kwa Mpwa. Mmoja wao, mama mwenye pikipiki za kukodisha, alimnong'oneza, "Umekosana nao?" Kinanda akacheka kicheko cha uongo, akasema ni mambo ya mitambo.

Siku ya nne Samahani alimletea kitambaa. Alikuwa amekikunja vizuri, kama zawadi.

"Samahani sana. Kwa kuwa una nafasi kidogo siku hizi, vumbi limekuwa jingi. Na vikombe vya chai, kama hutajali."

Alivikusanya vikombe. Kimoja kilikuwa na kitako cha sigara kinaelea kwenye chai iliyopoa, kingine kina alama ya rangi ya mdomo ya Mpwa, na sukari imeganda chini kama kamasi. Aliona kinyaa. Haikuwa kazi yenyewe. Mikono yake imeosha mangapi. Kilichomtia kinyaa ni ule ulaini wao, jinsi walivyomshusha ngazi moja moja huku wakimwomba radhi, na jinsi wenzake walivyosema "ahsante, dada" bila kuinua macho.

Baada ya vikombe akashika kitambaa. Akafuta meza za maofisa, akafuta mashine ya kuchapia, akafika kwenye kirafu ilikowekwa ruta na mumewe. Mhasibu alikuwa ametoka kwenda benki. Kinanda akainua ruta afute chini yake, ikageuka mkononi, na mgongo wake ukamtazama.

Kulikuwa na tundu moja la buluu, limechomekwa waya unaotoka kwenye kisanduku. Pembeni yake yalikuwepo matundu mengine manne, ya njano, yamejipanga safi, bado yana karatasi ya dukani juu yake. Yalifanana kabisa na matundu ya kile kisanduku cha ukutani. Hata mtoto wake mdogo angeona kwamba waya ule ule unaingia.

Aliirudisha ruta kwenye kirafu. Kisha akafungua fundo la waya wake, akaondoa karatasi ya dukani, akachomeka. Taa ndogo ikawaka kijani. Akarudi mapokezi, akakaa kwenye kiti chake, na kialama chekundu kikawa kimeondoka.

Mama wa pikipiki alikuwa kwenye foleni. Kinanda akamwita, na yule akaja mbio mbio. Wengine wawili wakaacha foleni wakamfuata. Vidole vikaanza kutembea, mashine ikaanza kutapika karatasi, na kwa muda mfupi ofisi ikarudi kuwa ile ya zamani, ya watu kuingia na kutoka huku wakitaniana naye kuhusu bei ya matairi.

Samahani alitoka ofisini kwake aliposikia kelele za ile mashine.

"Samahani, nani amekurudishia mtandao?"

"Nimejirudishia, bosi. Ruta ina matundu yake manne. Halikukosekana tundu hata dakika moja. Fundi hakuona."

Bosi hakufurahi wala hakushangaa. Alitoa simu. Na fundi, ambaye ukimwita nyumbani kurekebisha taa ya choo huja baada ya wiki, alifika kabla mama wa pikipiki hajakunja karatasi zake. Alivaa fulana mpya yenye jina la ofisi kifuani. Akampita Kinanda, akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akachomoa waya wa mkewe.

"Fundi," Kinanda akaita kwa sauti ambayo ofisi nzima iliisikia. "Hayo matundu ya njano ni ya nini?"

Fundi akaukunja waya taratibu. "Hayo... ni ya akiba, dada."

"Akiba ya nani?"

"Ni mambo ya kiufundi. Ukiyatumia, mtandao unaweza kuleta shida."

"Shida gani? Nimeandika bima tatu sasa hivi."

Fundi akaendelea kuukunja waya. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Samahani akapiga hatua mbele akasimama kati yao, mikono tumboni, mpole kama kawaida.

"Samahani, mama. Tusibishane mbele ya wateja. Mumeo anajua kazi yake."

Hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo Kinanda aliloliona kwanza. Mpwa aliendelea kuangalia kioo cha kompyuta yake. Maofisa waliinamisha vichwa. Hata mhasibu, aliyekuwa anaingia kutoka benki, alisimama mlangoni kama mtu aliyechelewa kwenye kikao anachojua ajenda yake. Wote walikuwa wanajua. Siku zote Kinanda alipokuwa anamwita mumewe "fundi" na kuitwa "dada", alikuwa anacheza igizo peke yake, na wenzake wanatazama.

"Umejua tangu lini?" akamuuliza bosi.

"Tangu mwanzo. Alikuja mwenyewe siku ya kuangalia kazi, kabla ya kufunga ruta, tukazungumza kiume. Nilimweleza hali ya ofisi, kwamba mapokezi nahitaji damu changa. Hatukutaka kukuumiza. Tukaona njia iliyo nzuri ni riziki ibaki ndani ya nyumba ileile. Mmoja anatoka, mwingine anaingia. Nyinyi ni mwili mmoja, au vipi?"

Kinanda akamgeukia mumewe. Alimwona amesimama na ule waya mkononi, fulana imembana tumbo, na alitamani angalau aone haya usoni pake. Aliona woga wa kukosa mkataba, basi.

"Sawa," akamwambia Samahani. "Nifukuze."

"Samahani?"

"Umesikia. Sema, 'nimekufukuza.' Sema mbele ya hawa wateja, uniandikie, unilipe haki yangu, niondoke sasa hivi."

Bosi akatazama wateja, ambao sasa hakuna aliyekuwa na haraka. "Mambo hayaendi hivyo, mama. Fundi, mwambie mkeo."

"Mama," fundi akasema kwa sauti ya kubembeleza, "twende nyumbani tukaongee."

"Wewe nenda. Mimi niko kazini."

Akakaa. Samahani akaona hawezi kumtoa kwenye kiti, akaamua kuondoa alichoweza. Alimwambia fundi kompyuta ile imechakaa, aiondoe. Fundi akachomoa nyaya zilizobaki, akaikumbatia kompyuta ya mkewe, akapita nayo mbele yake akitembea kwa ubavu ili isigonge mlango. Juu ya meza ikabaki alama ya mraba ya mahali ilipokuwa. Kinanda akachukua kile kitambaa alichopewa, akaifuta.

Alasiri mteja mgeni aliingia, akakuta mwanamke amekaa mbele ya meza tupu, mikono imepangwa vizuri.

"Samahani, dada, wewe unahusika na nini?"

"Mimi nasubiri kufukuzwa," Kinanda akamjibu. "Bima ni kwa yule binti."

Alitoka saa za kutoka, si kabla. Alipofungua mlango wa nyumbani, mama mkwe alikuwa anamsubiri kwa bashasha. Juu ya meza ya sebuleni ilikaa kompyuta ile ile, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa, kile mama mkwe alichokitunza kwa ajili ya wageni.

"Bosi wenu ana moyo!" bibi akasema. "Miaka yote hiyo, kumbe alikuwa anakuona. Hii inaonyesha na picha?"

Fundi alitoka chumbani. Alikuwa amevua fulana ya ofisi.

"Ndiyo shukrani yako," akasema haraka haraka. "Nimekuombea. Wengine wanaondoka mikono mitupu, mama, wewe unajua. Unaweza ukafungua hapa nyumbani kazi ya kuchapa barua za watu. Nimeshamwambia kesho utaandika ile ya kuacha. Mistari miwili tu, tumalize kwa heshima."

"Umeshamwambia."

"Nimempa neno langu. Asipoiona barua, na mkataba wangu haupo. Unataka wote tukose?"

Watoto walikuwa wameacha madaftari yao. Kinanda alitua mkoba chini. Alijiona ana utulivu wa ajabu, kama mtu aliyekwisha kutapika.

"Kesho nakwenda kazini," akasema. "Na kesho kutwa. Nitakaa kwenye kile kiti mpaka atamke. Hii mashine utairudisha wewe mwenyewe, kwa mikono hiyo hiyo. Na usiku wa leo ukalale unapojua. Pembeni yangu nasikia kinyaa."

"Jamani," mama mkwe akaingilia, "ndiyo mnagombana kwa sababu ya kompyuta?"

"Hapana, mama. Mwanao ameniuza kwa bosi wangu. Na hata kupatana bei hajui. Miaka yangu yote pale, amekubali apewe hiyo."

Fundi akasema, "Mama, usimsikilize," lakini haikujulikana anamwambia mama yupi. Bibi alimtazama mwanawe. Hakuuliza kama ni kweli. Alishusha miguu kutoka kwenye kigoda, akainuka kwa taabu, akaenda mpaka mezani, akakivua kitambaa chake cheupe juu ya ile mashine, akakikunja, akaondoka nacho.